Kabla Hujaitukana Gemu, Panda Gangilonga

Kuna kauli imeota mizizi kwenye vikao vya waandishi chipukizi, nayo ni hii: kijana anayecheza gemu hawezi kuandika riwaya. Nimeisikia kwa walimu, nimeisikia kwa wazazi, na majuzi nimeisikia kwa mgeni wetu wa heshima hapa Iringa, mzee ambaye vitabu vyake nimevisoma na nitaendelea kuvisoma. Yeye alisema gemu ni bangi ya macho. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Shikamoo yangu ameshaipokea na heshima yake iko palepale, lakini kwenye hoja hii nampinga, tena nampinga hadharani kwa kuwa naye alisema hadharani.

Ndugu msomaji, kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani, maana wakubwa wetu wana tabia ya kutia kila kitu katika gunia moja. Kuna zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu. Hizo sizitetei, zichomwe moto hata leo jioni. Kuna mkeka wa kubeti, nao sina la kuusemea. Kuna gemu za mpira: mnakaa wawili, mnacheza dakika chache, mmoja anafungwa, anapisha mwenzake. Burudani tu, haina neno. Ninayoitetea mimi ni aina ya nne, ile ambayo mchezaji hapewi njia, anapewa nchi. Unaamka ndani ya nchi nzima yenye milima, mito, vijiji, masoko, wachawi, majoka na wafalme wanaogombana, halafu unaambiwa: haya bwana, tembea. Ukitaka uende kumwokoa binti mfalme, nenda. Ukitaka ukae kijijini uchume dawa za mitishamba wiki nzima, hakuna wa kukufukuza. Binti mfalme atasubiri.

Chukua Skyrim, iliyotoka mwaka 2011. Ndani yake mna mamia ya vitabu. Simaanishi picha za vitabu, namaanisha vitabu unavyovitoa rafuni, ukavifungua na kuvisoma: historia za wafalme waliokufa, hadithi, mashairi, hata tamthiliya za kihuni. Kuna watu wamekaa kazini wakalipwa kuandika vitabu vya kubuni vilivyoandikwa na waandishi wa kubuni wa nchi ya kubuni. Halafu mtu anasimama ukumbini anasema wachezaji hawasomi! Chukua Elden Ring ya mwaka 2022, ambayo historia yake ya kale ilitungwa na mwandishi wa riwaya, George R. R. Martin. Humo hakuna anayekukalisha chini akakusimulia kisa mwanzo hadi mwisho. Unakiokota vipande vipande, hapa kutoka kwenye maelezo ya upanga wenye kutu, pale kwa kikongwe anayezungumza nusunusu. Msomaji aliyewahi kupotea ndani ya Nagona ya Kezilahabi (1990) hatashangaa hata kidogo. Atajisikia yuko nyumbani.

Lakini mimi sitaki kubishana kwa majina ya gemu. Nataka nieleze jambo ninalolijua kwa sababu nimekuwamo.

Tunapochezea ni chumba kimoja cha bati huku Mlandege, benchi mbili, televisheni moja kubwa na PlayStation ya mitumba. Mwezi wa saba baridi ya Iringa inapenya kwenye nati za bati, tunacheza tumevaa makoti. Malipo ni kwa saa. Sasa gemu hizi zina maneno mengi na maneno yote ni ya Kiingereza, yanapita chini ya skrini mbio kama daladala lililochelewa foleni. Mimi cheti changu cha kidato cha nne hakinipeleki mbali, ila kwenye Kiingereza nilikuwa vizuri kidogo, na kamusi ninayo. Ndipo nikajikuta nimepewa kazi. Nikiwa nimeshika pedi, nasoma kimoyomoyo, natafsiri kwa sauti. Kama wale watafsiri wa mikanda kwenye vibanda umiza, tofauti ni kwamba mimi sitii chumvi. Ah, natia kidogo.

Tulikuwa tunacheza The Witcher 3. Hii ilitengenezwa Poland ikatoka mwaka 2015. Mhusika wake ni Geralt, mtu anayelipwa kuua mazimwi, wa dharau, mwenye nywele nyeupe. Anamtafuta msichana aliyemlea, na katika kumtafuta anafika kwenye nchi ya matope iliyochakazwa na vita, inayoitwa Velen. Huko kuna mtawala mmoja, mnene, mlevi, watu wanamwita Baroni. Baroni anazo habari za yule msichana, lakini hazitoi bure: mkewe na binti yake wametoweka, watafutiwe kwanza. Basi unaanza kuchunguza, na kadiri unavyochunguza unagundua hawakutekwa na yeyote. Wamekimbia. Jamaa alikuwa akirudi vitani akiwa amelewa anampiga mkewe. Kipigo kimoja kikaitoa mimba. Kile kiumbe kikafukiwa gizani, bila jina, bila taratibu yoyote, na sasa kimefukuka, kimekuwa zimwi dogo linalowinda usiku wanawake wajawazito.

Hapo mchezaji anapewa uchaguzi. Unaweza kukiua, upanga unao. Au unaweza kumlazimisha Baroni mwenyewe akibebe mikononi kile kitu cha kutisha, usiku, mvua inanyesha, akipeleke mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yake, akipe jina, akiite mwanangu, akizike pale mlangoni, ili kigeuke mzimu wa kulinda nyumba badala ya kuidhuru.

Nilipofika hapo nikasimamisha gemu nikawauliza wenzangu: tufanyeje? Mle ndani mlikuwa na vijana wa bodaboda watatu, muuza nyanya mmoja wa sokoni, fundi viatu, na wanafunzi waliotakiwa wawe kwao. Msomaji, kama hujawahi kuona watu wakibishana kuhusu mhusika wa kubuni, umekosa. Mmoja alisema zimwi liuawe, saa zinakwenda. Muuza nyanya akasema liue uone, mtoto asiyepewa jina hafi ukamaliza, atarudi. Wa bodaboda mmoja akawa mkali kweli: huyu Baroni mnamhurumia nini, mpiga mke huyu, angekuwa mtaani kwetu tungempeleka polisi. Fundi viatu alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba mtu kama yule adhabu yake ni kulibeba, na pale alipo anaibeba. Chumba kikatulia. Tukampa Baroni alibebe. Na alipolitamka lile jina nilitafsiri polepole, maana hata sauti yangu ilikuwa imeanza kunisaliti.

Sasa naomba mzee wangu anijibu. Watu saba, ambao maishani mwao mtu hajawahi kuwauzia riwaya, walikaa wakabishana juu ya toba, juu ya wafu, juu ya mwanamume anayempenda mkewe na bado anampiga. Walilipa kwa saa, kutoka mifukoni mwao. Hiyo ndiyo bangi ya macho? Kama ni bangi, basi fasihi yote ni bangi na mzee mwenyewe ni mlimaji mkubwa.

Wataniambia mambo haya ya mazimwi na nchi za ajabu ni ya Wazungu, mwandishi wa Kiswahili aandike maisha halisi. Hapo ndipo huwa nashika kichwa. Halisi ipi? Shaaban Robert alipoandika Kusadikika mwaka 1951 aliiweka nchi nzima angani, akawatuma wajumbe sita pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo. Sita! Katika Adili na Nduguze kuna majini, na kuna watu waliogeuzwa manyani. Tenzi za Fumo Liyongo zinamzungusha msituni shujaa asiyeuawa kwa silaha ya kawaida. Huyo tungemtia kwenye PlayStation leo asingehitaji kurekebishwa kitu. Bibi zetu wametusimulia binti aliyekataa wachumba wote wa kijijini akaolewa na mgeni mtanashati, kumbe mgeni ni fisi. Huo ndio urithi. Aliyetuambia kwamba ajabu si yetu alitudanganya, na sisi tukakubali kirahisi, tukabaki na riwaya zinazoanzia baa na kuishia gesti.

Lakini panga langu lina makali pande mbili, na upande wa pili nawageukia washkaji zangu wachezaji wanaoandika.

Nimepitishiwa miswada minne ya hadithi za ajabu kutoka kwa vijana wa mji huu. Mitatu ina theluji. Theluji! Mtu amezaliwa Ipogolo, hajavuka Kitonga, anaandika kurasa 40 za theluji, ngome za barafu na mashujaa wenye nywele za dhahabu wanaokunywa pombe kwenye vikombe vya pembe. Jamani. Hamjaelewa mlichokicheza. Wapoland hawakutengeneza The Witcher kwa kukopa Kalenga. Walichimba kwao: matope ya kwao, ulevi wa kwao, yule pepo wa kike anayetokea mashambani saa sita ya mchana jua likiwa kali, ambaye wanasimuliana tangu enzi za mababu. Ndiyo maana muuza nyanya wa Mlandege alilielewa zimwi lao papo hapo. Kitu kilichochimbwa pahala pamoja kwa kina kinafika mbali. Kilichookotwa juujuu kwenye skrini hakifiki hata Ilula.

Na sisi tumekalia nini? Inua macho uone. Gangilonga iko pale juu ya mji, na jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba liliwaonya watu adui anapokuja. Nenda Isimila, shuka makorongoni kwenye zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ambako watu wa kale waliacha mashoka yao ya mawe yametapakaa ardhini. Hakuna mchora ramani wa gemu aliyenionyesha mahali pa kutisha kuliko Isimila saa kumi na moja jioni, watalii wakiwa wameondoka.

Halafu Mkwawa. Tumemfanya kuwa swali la mtihani, tumemuua mara ya pili. Tazama kisa chenyewe kama mtunzi. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, kikosi cha Wajerumani kinaviziwa na kamanda wao Zelewski anauawa. Mwaka 1894 wanarudi na mizinga, wanaibomoa ngome ya Kalenga. Mfalme anatoroka, anakuwa mzimu msituni kabla hajafa, miaka minne, kichwa chake kimetangaziwa zawadi. Julai 1898 amezingirwa, anajipiga risasi mwenyewe asishikwe. Kichwa kinakatwa na kupelekwa Ujerumani. Inapiganwa vita kuu ya dunia, na kwenye mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katikati ya mipaka na madeni ya mataifa makubwa, kuna kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la mtu wa Uhehe. Halirudi. Vita ya pili inapita. Gavana Mwingereza, Twining, analipata katika makumbusho ya Bremen, kwenye mkusanyiko wa mafuvu, na mwaka 1954 linaletwa Kalenga. Na hadi leo mwili uko Mlambalasi, fuvu liko Kalenga.

Nauliza hivi: shujaa mwenye makaburi mawili, fuvu lililotafutwa miaka 56, na swali ambalo mtu yeyote mwenye akili lazima ajiulize, je, lile la kwenye kisanduku ni lake kweli? Mtunzi wa gemu akipewa hicho atalia kwa furaha. Sisi tunaandika theluji. Mulokozi alilishika jambo hili katika tamthiliya, Mukwava wa Uhehe, mwaka 1979. Heko kwake. Lakini kitabu hicho kimenizidi umri kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliyekiandika si mwenyeji wa huku. Tuliozaliwa chini ya Gangilonga tunasubiri nini?

Wengine watasema, sawa, tutaandika, lakini nani atatazama? Hapo nina habari mbili, moja tamu, moja chungu.

Tamu ni kwamba mlango umeshafunguliwa. Mwaka 2016 vijana wa Yaoundé, Cameroon, kampuni inaitwa Kiro'o Games, walitoa gemu yao Aurion, ya upanga na nguvu za mababu. Na Aprili 2024 ikatoka Tales of Kenzera: Zau, kazi ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyempoteza baba yake akaigeuza huzuni ile kuwa hadithi: kijana mganga anakwenda kufanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba. Tena inachezwa kwa sauti za Kiswahili. Sikiliza hiyo vizuri. Tulivyokuwa hapa tukibishana kama mambo ya ajabu yanafaa katika Kiswahili, Kiswahili kimeshaingia ndani ya gemu bila kutungoja. Siyo ile ya nchi nzima ya kuzurura, ni ndogo zaidi, na studio yenyewe imepitia misukosuko, mwaka huohuo wafanyakazi wengi wakapewa notisi. Lakini imefanyika.

Chungu inamhusu mwenyewe aliyemtunga Geralt. Andrzej Sapkowski alikuwa mtu wa biashara, si mwandishi, alipopeleka hadithi fupi kwenye shindano la gazeti moja la Poland linaloitwa Fantastyka. Ikachapwa mwaka 1986, ikashika nafasi ya tatu. Ya tatu, wala si ya kwanza! Baadaye watengeneza gemu walipomfuata alikataa asilimia, akataka hela mkononi, kwa kuwa hakuamini gemu ni kitu cha maana. Alikuwa na fikra zilezile za mgeni wetu wa heshima. Gemu ya tatu peke yake ikaja kuuza nakala zaidi ya milioni 50. Mwaka 2018 mzee wa watu akawaandikia kupitia wanasheria akidai zloti milioni 60, na mwishoni mwa 2019 wakapatana mkataba mpya. Basi wewe unayeidharau gemu kwa sababu ya utakatifu wa fasihi, idharau, ila siku wakija kukununulia kisa chako usitie saini kabla hujasoma.

Narudi kwa mzee wangu, kwa adabu. Najua anachokiogopa. Anaogopa saa. Ni kweli gemu hizi zinakula saa, na nimewaona watu waliozamia humo hawajaibuka, kazi imekwenda, mchumba amekwenda. Hilo silipingi. Lakini pombe pia imewala waandishi wa nchi hii na sijasikia kikao cha kuijadili.

Ninachokikataa ni hukumu ya jumla, maana imeshanigusa. Mhariri mmoja, simtaji, alinirudishia mswada wangu na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: hadithi ya gemu. Alitaka niondoe mizimu yote ibaki safari tupu. Mswada wenyewe unaanza mwaka 1954. Fuvu limefika Kalenga, wakubwa wamevaa suti, bendi inapiga, na kijana mmoja anaitwa pembeni na babu yake na kuambiwa: kichwa kimerudi, lakini mwili haujapewa habari. Nenda Mlambalasi kwa miguu ukauambie. Usipite barabarani. Utakaokutana nao njiani, wengine si watu, uwaamkie hivyohivyo, "Kamwene", na usiwaulize majina.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza. Nimetembea mwenyewe sehemu kubwa ya njia hiyo nikiwa na daftari, nikaandika kila korongo na kila mti nilioujua jina. Mizimu sijaiondoa. Nakala tatu za mkono zinazunguka Mlandege, moja ina madoa ya nyanya, na aliyekuwa nayo ameshanitumia ujumbe anadai sura ya pili.